Kitako kipya kwa sufuria ya mavyaa: fundi bati wa Barabara ya 12, Ngamiani

Sufuria yangu kubwa ya alumini ilitoboka siku ya Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi, moto umekolea na maji ya bada, yaani ugali wa muhogo, yanakaribia kuchemka. Nilisikia makaa yanalia, nikadhani maji yamefurika. Nilipoinua nikaona tone linafuata tone kutoka ukingoni mwa kitako, pale bati linapopinda kuanza kupanda. Nikayagawa maji kwenye sufuria ndogo mbili, nikasonga bada mara mbili, na wateja wangu wa bandarini waliozoea kula saa sita wakala saa saba na robo. Wawili waliondoka na njaa kwa kuwa muda wao wa mapumziko ulikuwa umekwisha. Hilo liliniuma kuliko sufuria yenyewe.

Mimi ni mama lishe wa Chumbageni, hapa Tanga. Napika bada la muhogo na mchuzi wa samaki, wali wa nazi na maharage, na Ijumaa pilau. Kati ya vyote hivyo, bada ndilo linalomaliza sufuria. Wali ukishatiwa tui unafunikwa, unapaliwa makaa juu, unaachwa ukauke taratibu. Bada halina amani hiyo. Unga wa muhogo unashika upesi, kwa hiyo mwiko lazima ukwangue chini tangu mwanzo mpaka liive, miguu imebana sufuria, mikono miwili imeshika mwiko. Fanya hivyo siku sita kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, kitako kitakuwa chembamba kama ganda la kitunguu.

Sufuria hiyo ilikuwa ya mavyaa wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alinikabidhi mwaka 2003, naye alikuwa keshaipikia harusi na hitima za watu wa Makorora zisizo na idadi. Kuitupa sikuweza. Lakini biashara haingoji, na jioni ileile nilikwenda dukani kutafuta mpya.

Mpya ya ukubwa ule niliambiwa shilingi 62,000. Niliibonyeza ubavuni kwa dole gumba, ikabonyea. Nikairudisha kwenye rafu. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimenunua ya namna hiyo kwenye duka jingine hapa hapa mjini. Ilikaa miezi mitano, kishikio kikachomoka, kisha ikatoboka, na niliporudi nayo nikaonyeshwa maandishi ya ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ile niliipeleka kwenye kizimba cha taka. Nikiwaza leo najuta, kwa sababu nimeshajifunza kwamba hata yenyewe ilikuwa bado na kazi ya kufanya.

Aliyenielekeza kwa fundi ni kijana wa guta anayenichukulia chupa tupu za maji. Aliiona sufuria imelala pembeni, akaniambia, "Mama, hiyo haijafa. Ipeleke Barabara ya 12 kwa babu wa bati." Kesho yake nikaifunga kwenye keria ya baiskeli kwa kamba ya katani (marehemu baba alifanya kazi korona, mtambo wa kusindika katani, upande wa Muheza, na kwetu kamba ya katani haitupwi mpaka iishe kabisa), nikapanda kwenda Ngamiani. Mgeni wa Tanga asihangaike: barabara za Ngamiani zimepewa namba, unahesabu tu mpaka uifikie unayoitaka. Ukishaingia ya 12, fuata mlio wa nyundo.

Hana bango wala jina la biashara. Ana kibanda cha mabati chini ya mwarobaini, benchi moja la wateja, na ekseli ya lori iliyochimbiwa ardhini ikasimama wima. Hiyo ndiyo fuawe yake. Zana nyingine nilizoziona ni mkasi wa bati, tindo, bikari, nyundo tatu za chuma na mbili za mti ambazo vichwa vyake vimeliwa mpaka vikawa mviringo. Ana vijana wawili wanaojifunza kwake. Juu kwenye ukuta yanatundikwa majiko, koroboi, madebe ya kumwagilia mchicha na sinia za kuokea mikate.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu, karibu kitako."

Hakuniuliza shida. Aliichukua sufuria, akaielekeza kitako juani, akaniita nichungulie kwa ndani. Nilikuja na habari ya tundu moja. Nilihesabu saba, madogo kama ncha ya sindano, mwanga unapenya.

"Unaisugua kwa nini?"

"Kwa mchanga, babu. Mchanga wa pwani."

"Basi nusu ya haya umeyafanya wewe, na nusu mwiko wako. Mchanga unakula bati. Rudi kwenye kumbi na majivu, kama mama zenu."

Hapo ndipo nilipomwamini. Mtu anayewaza pesa ya leo tu asingenifundisha namna ya kukaa miaka bila kumrudia. Alitaka 10,000, tukaelewana 9,000, nikatanguliza 5,000, nikaomba nikae nimtazame akifanya. Hakukataa. Nawashauri nanyi mkienda mkae, kwa sababu ukishaona kazi inavyofanyika hutaipimia bei tena kwa kulinganisha na kitu cha dukani.

Kwanza alikata kitako chote cha zamani, akapandisha mkasi vidole viwili juu ya kona mpaka akafikia bati ambalo bado nene. Nilishtuka, maana sufuria ilifupika mbele ya macho yangu. Akanieleza kwamba kutia kiraka juu ya tundu ni kupoteza pesa: bati la jirani na tundu nalo limechoka, ukiziba hapa wiki ijayo litatoboka pale. Kitako kinatoka kizima na kinaingia kizima.

Bati la kitako kipya hakulinunua dukani. Nyuma ya kibanda ana rundo la masufuria makubwa yaliyoshindikana, yale ya mashuleni na mahotelini, ambayo vitako vimekwisha lakini ubavu bado una unene wa kufaa. Alichagua moja, akalipasua ubavuni, akaunyoosha ule ubavu juu ya ubao kwa nyundo ya mti, akachora duara kwa bikari. Duara lilizidi upana wa sufuria yangu kwa kiasi cha kidole kimoja kila upande. Kwa hiyo bada langu siku hizi linapikwa juu ya ubavu wa sufuria iliyolisha watoto wa shule nisiyoijua, na kila nikiinjika nalikumbuka hilo kwa furaha.

Kisha ikaja kazi ya nyundo. Ukingo wa duara aliusimamisha, ukingo wa sufuria akaulaza nje, akavikutanisha, akavipinda pamoja huku akizunguka. Alipomaliza mzunguko akavipinda mara ya pili kuelekea juu, safari hii akiwa ameivalisha sufuria kwenye ile ekseli. Nilihesabu mizunguko sita. Kila mzunguko nyundo ilishuka polepole zaidi, na sauti ikawa inabadilika: mwanzoni bati lililia kama debe tupu, mwishoni likatoa mlio mzito, mfupi. Mzunguko wa mwisho fundi hakutazama kabisa, alikuwa anasikiliza. Mlio ulipokuwa mmoja pande zote akasema, "Imekubali."

Nilimuuliza mbona hatii lehemu kwenye maungio, maana nilishaona ndoo zikitiwa. Akasema lehemu ni ya ndoo za kufulia na mifereji ya kukingia maji ya bustani, siyo ya chombo cha chakula, kwa sababu ndani yake mna risasi, ile metali yenye sumu. Mabati ya kuezekea nyumba nayo, yale yaliyopakwa zinki, hayawi kitako cha sufuria kwake. Ukimletea hayo atakutengenezea jiko. Kwa mtu anayelisha watu wengi kila siku kama mimi, jibu hilo lina thamani kuliko punguzo la bei. Shirika la Afya Duniani limeshasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa kuwa bongo zao bado zinakua.

Na kwa kuwa nimeitaja risasi, niseme jambo ambalo halimhusu fundi huyu lakini linahusu jikoni kwetu. Sufuria na vikaango vya kusubu, vile vizito vyenye sura ya ukavu, hutengenezwa kwa kuyeyusha chakavu cha kila namna pamoja: vipande vya injini, rimu, vipuri, chochote kilichoingia kwenye gunia. Anayeyeyusha hawezi kujua kwa macho nini kimo humo. Vyakula vyenye ukali, mchuzi wa ukwaju, ndimu, nyanya, ndivyo vinavyotoa metali kwenye chombo kuliko vingine. Nilikuwa na kikaango cha namna hiyo nikipikia mchuzi wa changu na ukwaju, tena kwa kukisifia. Nimekitoa jikoni, sasa kinazuia mlango wa stoo usijifunge kwa upepo, na mchuzi umerudi kwenye chungu cha udongo. Napenda mno kuona kitu cha zamani kinapata maisha mapya, lakini chombo cha kulia kichunguzwe asili yake kwanza.

Nirudi kwenye sufuria yangu. Fundi aliniagiza chakula cha kwanza kiwe uji mzito wa muhogo, niuache ulale humo usiku kucha, ili wanga uingie kwenye mikunjo na kuziba. Nilipoijaza maji kabla ya uji, ilitoa jasho upande mmoja na moyo ukanidunda. Baada ya uji haikutoa jasho tena.

Hiyo ni miezi 14 iliyopita. Siku sita kwa wiki, bada, wali, pilau ya Ijumaa, na mara mbili imekwenda kupika msibani. Haijavuja. Nimeikagua juani kama alivyonifundisha kila mwisho wa mwezi, na sijaona mwanga. Mchanga nimeacha, nasugua kwa kumbi na majivu, na kumbi ninazo za kutosha maana nazi nakuna kila siku. Ya shilingi 9,000 imeishinda zaidi ya mara mbili ile ya dukani iliyokufa kwa miezi mitano, na bado inaendelea.

Mwanangu wa pili amesoma ufundi VETA. Nilipomwonyesha kitako alikigeuzageuza sana, kisha akanieleza kitu ambacho sijaacha kukifikiria. Alumini haichimbwi ikiwa tayari. Inatolewa kwenye udongo uitwao boksiti, kwa umeme mwingi mno. Ukiyeyusha chakavu badala ya kuanza na udongo, unatumia kama asilimia 5 tu ya nishati ile, na ndiyo maana wanunuzi wa chakavu wanalipa vizuri kwa masufuria mabovu kuliko mabati ya kawaida. Lakini hata kuyeyusha huko kunataka moto wa nyuzi 660, na kabla ya moto kuna gari la kusafirisha, na baada ya moto kiwanda na gari jingine. Babu wa Barabara ya 12 hakuwasha hata kijiti cha kibiriti. Sufuria ilitoka Chumbageni kwa baiskeli, ikapigwa nyundo chini ya mti, ikarudi Chumbageni kwa baiskeli. Tunahimizwa sana kurejeleza, na ni vizuri, mimi mwenyewe natenga taka zangu. Lakini naona tumelisahau hili la kwanza, kupeleka kwa fundi, ambalo wazee wetu walilijua bila kufundishwa semina. Mavyaa wangu hakuwa na neno la "mazingira" mdomoni. Alikuwa na sufuria moja kwa miaka yote.

Kasoro zipo, na nitazisema zote.

Ya kwanza ni ukubwa. Sufuria iliyokuwa inasonga bada la kilo sita za unga sasa inasonga la kilo tano. Ikifika kutiwa kitako mara ya pili itafupika tena, na nafikiri mara ya tatu haitafaa kwa biashara. Ya pili ni ule mkunjo. Bada linajibana humo, na usipolitoa siku ileile linachacha na kutoa harufu. Mimi natumia mswaki wa zamani wenye nywele ngumu. Anayependa kuosha vyombo harakaharaka, kitako cha mkunjo kitamchosha. Ya tatu: kitako kina tumbo kidogo, hakikulala sawasawa. Kwenye mafiga na kwenye jiko la mkaa haina taabu, lakini nilipoiweka kwenye jiko la gesi ilitikisika, na sufuria kubwa ya maji ya moto ikitikisika ni hatari. Nilimrudishia, akaipiga upya bila malipo, ikatulia kiasi. Bado siiwekei gesi bila kuishika.

Halafu kuna utaratibu wake. Haandiki majina. Vyombo vya wateja vinakaa pamoja na kumbukumbu yote iko kichwani mwake, na kichwa kile kina umri. Safari ya pili nilipeleka mfuniko uliolegea kishikio, nikapewa usio wangu, mdogo kwa nusu kidole. Ule wangu alikuwa ameshauchukua mtu mwingine. Babu alisikitika kweli, akanitengenezea mwingine wa bati zuri bila kuchukua senti, lakini wangu ulikuwa wa mavyaa na sijaupata mpaka leo. Kwa hiyo chora alama yako kwa msumari kabla hujaacha chombo, mahali pasipo na kazi. Na akikuambia siku fulani, ongeza mbili. Sufuria yangu aliifanya mbele yangu kwa saa tatu kwa sababu nilikaa. Mfuniko nilioacha na kuondoka ulichukua siku tisa.

Jambo lililonikera kweli ni masalio ya bati. Vipande vyenye ncha vilikuwa vimezagaa mpaka barabarani, na watoto wa mtaa wanapita pekupeku wakienda madrasa. Nilimwona mmoja amefungwa kitambaa mguuni. Nilimwambia babu kwa heshima lakini bila kuzunguka: kazi inayookoa taka haiwezi kumwaga taka zinazokata watoto. Alinyamaza kidogo, akawaita wale vijana wawili. Nilipokwenda tena palikuwa na pipa la nusu pembeni mwa ekseli na kijana anafagia kwa sumaku iliyofungwa kwenye fimbo. Sumaku inashika chuma tu, alumini haishiki, kwa hiyo ufagio bado unahitajika. Mara ya mwisho palikuwa pasafi zaidi, siyo safi kabisa.

Masalio hayo yakijaa huja mtu wa chuma chakavu na mizani yake. Nilikuwapo siku moja kijana mmoja alipoleta mfuniko wa chemba, mzito, bado una matope mbichi. Babu hakuugusa. Alimwambia, "Rudisha ulikoutoa kabla mtu hajatumbukia usiku." Nataja hili kwa sababu biashara ya chakavu ina sifa mbaya, na mara nyingi inastahili: mifuniko inang'olewa, alama za barabarani zinakatwa, vyuma vya madaraja vinaondoka. Ukitaka kujua kama fundi ni wa kumwamini na mali yako, mwangalie anachokikataa.

Nilinunua pia jiko kwake, la pipa la mafuta lenye udongo ndani, shilingi 12,000. Debe la mkaa lililokuwa linaisha kwa siku mbili sasa linakaribia siku tatu, na mkaa wetu unatoka kwenye miti ya Handeni, kwa hiyo kila debe ninaloliokoa lina maana kwangu. Ila udongo ulipata ufa mwezi wa nne. Kuukandika upya alichukua 3,000. Jiko nalipa alama nzuri kiasi, siyo kama sufuria. Koroboi zake zinatokana na makopo ya maziwa na ya dawa ya mbu. Sijanunua, nyumbani tunatumia taa ya jua.

Kilichobaki ni plastiki, na hapo babu hana msaada, naye anakiri. Madumu yaliyopasuka na ndoo zilizovunjika anazipokea ili tu amwachie kijana wa guta. Huyu kijana ndiye ninayempa chupa zangu. Nazitenga kwenye salfeti, vifuniko mbali, maji yamemwagwa, naye anapima kwa kilo na kunilipa kidogo, pesa ya chumvi na kiberiti. Nisingelipwa ningempa bure. Nimeona mwezi wa tano, masika yakikolea, mitaro ya Ngamiani ilivyojaa chupa mpaka maji yakaingia kwenye vyumba vya watu. Zile zisizoziba mtaro zinafika baharini, na bahari hiyo ndiyo yenye silikanti, samaki wa kale aliyefanya pwani yetu itengwe kuwa hifadhi mwaka 2009. Ndiyo pia yenye changu na tasi wangu.

Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 nilishangilia, nikashona mikoba minne ya mabaki ya kanga, na mitatu inadumu mpaka sasa. Lakini vile vifungashio vyeupe vyepesi vimeingia kwa mlango wa nyuma, watu wanabebea mpaka ugali wa moto. Kwangu havimo. Anayetaka kubeba aje na bakuli au hotipoti yake, namwongezea mchuzi upawa mmoja. Wateja wangu wa bandarini wamezoea. Wengine hotipoti zao zinalala kwangu na nazijua kwa rangi.

Kwa anayetaka kwenda: babu hufungua saa mbili asubuhi. Ijumaa anafunga kabla ya adhuhuri kwenda msikitini, anarudi saa tisa. Jumapili hayupo. Simu anayo, ila akiwa kazini hasikii. Kitako cha sufuria ya nyumbani, ya watu watano au sita, anachukua kati ya 3,000 na 4,000. Kubwa kama yangu ni mapatano. Nenda asubuhi mapema, kaa kwenye benchi, muulize kila swali, anapenda kuulizwa. Ukiwa na sufuria iliyokufa kabisa, mpelekee pia, anazinunua, nzuri kuliko kuiacha kizimbani kama nilivyofanya mimi. Kwa kazi ya mikono nampa nyota tano kwa tano. Kwa utunzaji wa mali za wateja, tatu.

Jana nilimpelekea birika la chai, la alumini, tulilopewa harusini kwetu. Nilikuwa na hakika ni mdomo tu uliolegea. Alilielekeza kitako juani, akaniita nichungulie. Matundu mawili.